Bomba la Mtukufu Mfunguzi

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake tuliache, lina mwenyewe. Mwenyewe huyo ni Mtukufu, Mfunguzi Mkuu wa Taifa, na kazi yake ni kufungua. Kuna viongozi wanaojenga, kuna wanaopigana, kuna wanaolala. Huyu alifungua. Alifungua madaraja, makongamano, mashindano ya bao na visima visivyo na kina. Siku moja, kwa kiu tu, alifungua chupa ya soda mbele za watu.

Sheria ya nchi ilikuwa fupi hata asiyesoma aliielewa: alichofungua Mtukufu, mtu asikifunge. Ndiyo maana chupa ile bado iko kwenye jumba la makumbusho, gesi imekwisha, nzi wamejaa, na askari wawili wanailinda. Dirisha la Wizara ya Kumbukumbu, alilolifungua siku ya joto, liko wazi mpaka leo, na mvua ikinyesha makarani huandika chini ya miamvuli. Zahanati ya mji wa Kikavu haina mlango unaofungwa, kwa hiyo mbuzi huingia kuzalia wodini na kuandikishwa kama wagonjwa wengine. Mlinzi wa zahanati hiyo, mtu mzima mwenye wajukuu, aliusukuma mlango kidogo tu ili mbuzi wasiendelee kula bendeji. Gari la kijani lilimfuata kabla hajanywa chai. Akapelekwa Mapumziko.

Mapumziko ni wapi, hakuna aliyejua. Hakuna aliyerudi kusema kama kuna vitanda.

Kikavu hapo hapo aliishi kijana aitwaye Makunga, pamoja na mama yake, ambaye watu walimwita Mama Makunga na jina lake la usichana likasahaulika. Kazi ya mama ilikuwa kuwatekea watu maji. Maji yalikuwa bondeni, kwenye dimbwi la kijani lenye viluwiluwi, na kupanda nayo mlima kulimpinda mama shingo mpaka akawa anatazama watu kwa upande. Makunga alikulia kwenye kazi hiyo. Mama alimfundisha jambo moja na kulirudia hadi likamwingia mikononi.

"Ndoo ya mtu usiijaze tu kama unajaza shimo," alimwambia. "Mimina kidogo, acha. Ngoja mwenyewe aisuuze, amwage. Halafu ndipo umjazie. Huo ndio utu, mwanangu. Maji hata punda anabeba."

Makunga alikuwa na haja moja duniani: bomba uani kwa mama yake, ili shingo ile ipumzike. Basi serikali ilipotangaza Chuo cha Taifa cha Ufundi Bomba, chenye kaulimbiu Ufundi Leo, Utajiri Kesho Kutwa, alikuwa wa kwanza kusimama langoni.

*

Chuo kilikuwa na kila kitu isipokuwa mabomba. Maji nayo hayakuwepo, lakini Mkuu wa Chuo, Daktari Kipingo, aliwaeleza vijana kwamba maji ni somo la vitendo na vitendo vitakuja baadaye. Huyu Kipingo udaktari wake ulikuwa umefunguliwa na Mtukufu, katika hafla, kwa kukata utepe, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuuliza aliusomea wapi.

Wanafunzi walijifunza kwa hewa. Walisimama mistari, wakanyoosha mikono, mwalimu akapiga kelele, "Kaza!" nao wakakaza hewa. "Legeza!" wakalegeza. Aliyekaza kupita kiasi aliambiwa ameharibu koki na akakatwa alama. Spana ilikuwepo moja, ndani ya kabati la kioo ofisini kwa Mkuu, na kila Ijumaa walipangwa kwenda kuitazama wakiwa wamevua kofia.

Makunga alikaza hewa kwa moyo wote. Jioni alimwonyesha mama yake namna ya kuunganisha bomba lisilokuwepo na koki isiyokuwepo, na mama aliketi kwenye kigoda akitikisa kichwa kwa fahari.

"Sasa maji yanatokea hapo?" aliuliza.

"Hapo hapo, mama."

"Ehe! Sasa usiliache wazi, yatamwagika bure."

Wakacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa namna hiyo, ila hawakujua.

*

Habari ilikuja asubuhi, ikasomwa kwa kipaza sauti: Mtukufu anakuja Kikavu kukifungua chuo, na atakifungua kwa kufungua bomba.

Daktari Kipingo alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu, na mahali penyewe palikuwa na matope.

Saa hiyo hiyo akafika Bwana Itifaki kutoka makao makuu, mtu mwembamba mwenye miwani myeusi, na mkononi fimbo nyeupe ambayo haikuwa ya kutembelea. Fimbo hiyo ilikuwa na urefu wa Mtukufu, kofia ikiwa juu, na kitu chochote kilichoizidi kilipunguzwa. Alipotoka mjini kuja chuoni alikuwa amekwisha kukata minazi michache na kushusha mnara wa msikiti mdogo.

"Bomba liko wapi?" aliuliza.

"Linakuja," alisema Kipingo kutoka matopeni.

"Maji je?"

"Nayo yanakuja. Yanakuja pamoja."

Bwana Itifaki alivua miwani akamtazama. Kisha, kwa upole, akamsaidia kuinuka, na upole ule ndio uliomtia Kipingo homa.

Wakajenga ukuta wa kuwekea bomba, na nyuma ya ukuta chumba cha kufichia pipa la maji. Tangi la juu lilikataliwa, lingemzidi Mtukufu. Koki ikawekwa usawa wa kifua, kwa kuwa Mtukufu hainami. Paa likabaki chini. Maji hayawezi kupanda yenyewe kutoka kwenye pipa hadi kifuani kwa mtu, kwa hiyo ikabidi awepo binadamu ndani, amejikunja, achote kwa kopo na kumimina kwenye faneli iliyoungwa na koki kwa kipande cha mpira.

Kazi ya kujenga walipewa vijana wa darasa la uashi. Walijenga kwa bidii na matofali yalinyooka kama sare za jeshi. Walipomaliza ndipo askari mmoja akauliza mlango uko upande gani.

"Mtaala unasema kuta ni mwaka wa kwanza," alijibu kiranja wao, akisimama wima. "Milango ni mwaka wa pili."

"Na mwaka wa pili lini?"

"Haujapata kufika, afande."

Ikaachwa nafasi juu ya paa, ya kupitisha mtu mmoja. Ukuta wa mbele ukachorwa picha ya Mtukufu akitabasamu, na koki ikatokea kwenye mfuko wa koti lake.

"Makunga," aliita Daktari Kipingo. "Mama yako si ndiye anayeteka maji?"

"Ndiye, Mkuu."

"Basi mabega unayo ya kurithi. Huu ndio mtihani wako wa mwisho. Maji yakitoka, cheti unacho mkononi. Yasipotoka..." Hakumaliza. Alitazama barabara, inakopita gari la kijani.

"Mkuu, nikimaliza natokaje mle?"

"Utaletewa ngazi."

"Na nani?"

"Na serikali."

Hapo ndipo Makunga alipoanza kuogopa sawasawa.

*

Alishushwa alfajiri. Ngazi ikaondolewa mara moja, maana ilikuwa ndefu kuliko fimbo nyeupe. Mle ndani palikuwa na pipa, kopo, chupa ya maji ya kunywa na joto la tanuri. Paa lilimgusa kisogo. Akijaribu kunyooka alijigonga, akijaribu kuketi hakuifikia faneli. Akabaki katikati, kama mtu anayeomba radhi.

Maji ya pipa yaliletwa na wazazi. Tangazo lilisema kila mzazi alete ndoo moja kwa ajili ya maendeleo, bila kuuliza. Makunga alisikia sauti za kina mama huko nje wakimimina kwenye ndoo za askari waliokuwa wakiyapitisha paani, na sauti ya mama yake kati yao.

"Mwanangu yuko wapi? Nimemletea mihogo."

"Yuko kwenye maandalizi," lilijibu koo la kiaskari. "Mwaga maji, mama, pita."

Alitaka kuita. Akakumbuka gari la kijani.

Kisha ving'ora, ngoma, mizinga. Ardhi ikatetemeka na vumbi likamdondokea machoni. Akasikia viatu vikija, vizito, vikisimama upande wa pili wa tofali. Mtukufu alikuwa karibu kiasi kwamba Makunga alisikia anavyohema, na akashangaa kidogo kwamba anahema.

"Nafungua," alisema Mtukufu.

Koki ikalia. Makunga akachota, akamimina, akachota, akamimina. Kule nje ukapaa ukelele wa watu wazima na vigelegele vilivyodumu hadi kina mama wakaishiwa pumzi. Wengine walikuwa hawajawahi kuona maji yakitoka ukutani, wakadhani ni mkojo wa malaika.

"Yaacheni yatiririke," alisema Mtukufu, "wakati nasema maneno machache."

Makunga alipolisikia hilo, alitupa jicho kwenye pipa. Maneno machache ya Mtukufu yaliwahi kumkuta bibi harusi akiwa anamsikiliza na kumwacha mama wa mtoto anayetambaa. Ndivyo watu walivyosema, kwa kunong'ona.

Mtukufu alizungumzia ujana wake. Alizungumzia ujana wa wengine, ambao ulikuwa na kasoro. Akasema umaskini ni tabia, na ufundi ni dawa yake, na dawa hiyo yeye ndiye aliyeiona kwanza, akiwa bafuni. Watu wakapiga makofi. Pipa likawa nusu. Akawageukia maadui wa nchi, akawataja kwa herufi. Pipa likafika robo. Makunga akaanza kumimina kidogo kidogo, jasho likimwingia kinywani. Akafikisha kopo chini kabisa. Likatoa mlio wa bati.

Hotuba ikasimama.

Hata mbuzi wa zahanati waliacha kulia. Makunga alimsikia Mtukufu akigeuka, taratibu, viatu vikisaga changarawe.

"Mbona linasinzia?"

Mahali fulani injini ya gari iliwashwa. Gari gani, Makunga hakuhitaji kuona.

"Ha... halisinzii, Mtukufu," ilisikika sauti ya Daktari Kipingo, nyembamba kama ya mtoto. "Linasikiliza."

"Linasikiliza?"

"Hotuba, Mtukufu. Limeguswa."

Makunga alichukua chupa yake ya kunywa akaimimina yote. Pale mbele matone yakaanguka, moja, jingine. Mtukufu akacheka, na taifa zima likapata ruhusa ya kucheka, likacheka mpaka likachoka. "Basi liambieni lisiwe na haya!" alisema, akarudi kwa maadui.

Chupa ilikwisha. Makunga akakamua fulana yake kwenye faneli. Akatema mate. Alikuwa anaanza kulia, na machozi nayo akayaelekeza humo humo, alipoona mkono ukiingia kutoka juu ya paa, mkono wenye mkufu wa saa. Ulikuwa wa Bwana Itifaki, aliyelala kifudifudi ili asizidi fimbo. Mkono ukashusha kreti. Soda za machungwa, za wageni waalikwa.

"Mimina," ulinong'ona mkono. "Ukishindwa, tunakwenda wote, na mimi nina watoto wadogo."

Makunga alifungua visoda kwa meno. Bomba la Kikavu likatoa maji ya rangi ya machungwa, yenye povu. Mtukufu akachovya kidole, akaonja, akafumba macho kwa hisia.

"Wenzetu Mungu amewapa mafuta," alisema hatimaye. "Sisi ametupa hiki."

Siku ile ikatangazwa kuwa sikukuu.

*

Magari yakaondoka. Ngoma zikafungashwa. Makunga akasubiri ngazi.

Jua liliposogea mbali na tundu la paa, alisikia mtu akijikohoza kwenye koki. Daktari Kipingo alikuwa ameweka mdomo kwenye bomba.

"Makunga. Hongera. Umefaulu."

"Ahsante, Mkuu. Ngazi?"

"Endelea kumimina. Limebaki tone tone na watu wanaangalia."

"Lakini sherehe si imekwisha? Funga koki."

Kisha Kipingo akauliza, akinong'ona kwa hofu ya kweli, "Nifunge nini?"

Makunga akakumbuka sheria. Akaupapasa ukuta.

"Mkuu, toboeni ukuta. Nitoke, muweke mtu mwingine."

"Ukuta una picha yake. Nimtoboe Mtukufu wapi? Tumboni?"

"Basi nitoke juu!"

"Ukitoka, atakayekuona atauliza bomba lina mtu wa nini. Itakuwa Mtukufu amefungua mtu, si bomba. Unajua ni kosa gani hilo? Hata mimi sijui, ndivyo lilivyo kubwa." Akavuta pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Tangu chuo hiki kianze hakuna aliyepata ajira. Wewe unayo. Ya kudumu. Fundi Bomba wa Taifa. Vijana wangapi wanaitafuta bahati hiyo?"

"Na mama yangu?"

"Ameambiwa umepelekwa masomo ya juu. Ukipiga kelele, itakuwa yeye ndiye mwenye mtoto mwongo. Na gari la kijani lina nafasi ya mama pia."

Cheti kiliingia kupitia tundu la paa, kikubwa, kinang'aa, kimewekewa plastiki na muhuri. Makunga alikishika kwa mikono miwili, na kwa sababu hakukuwa na pa kukitundika alikitumia kujipepea.

*

Utaratibu ukazoeleka. Gari la zimamoto, ambalo tangu linunuliwe halikuwahi kuzima kitu, lilileta maji ya dimbwini asubuhi na kuyamwaga kwenye pipa kupitia paa. Chakula kilishushwa kwa kamba wazima moto walipokumbuka. Ilitolewa hati kwamba usiku bomba linaendelea kutiririka kimoyomoyo, na Makunga akaruhusiwa kulala amejikunja. Mgongo wake ukaanza kuchukua umbo la chumba. Faneli ilipopasuka hakupewa nyingine. Alikunja cheti, akakichomeka kwenye mpira, na kikafanya kazi vizuri kuliko alivyotegemea. Plastiki haivuji.

Redioni wizara ilitangaza kwamba wahitimu wote wa Chuo cha Ufundi Bomba wameajiriwa. Haikuwa uongo. Mhitimu alikuwa mmoja.

Askari mmoja, Koplo Jongo, alipewa kazi ya kukaa mbele ya bomba kulitazama. Likisita, apulize filimbi. Makunga aliijua filimbi ile kwa namna ilivyokuwa ikigonga vifungo vya sare, na kila ilipogonga, mkono wake ulikwenda haraka zaidi.

Watu wakaanza kuja na ndoo. Foleni ilikuwa ndefu na wanawake walisemezana.

"Tangu lije hili, dimbwini siendi tena!"

"Dimbwini huendi, lakini kiluwiluwi si kimekufuata? Hiki hapa ndani ya ndoo!"

"Nyamaza wewe, huyo ni kiluwiluwi wa serikali."

Kisha siku moja akasikia kikohozi. Alikijua kabla hakijaisha.

"Shikamoo, afande," alisema Mama Makunga.

"Marahaba, mama. Kinga ndoo, usichelewe."

"Nakinga, baba. Kijana wangu ndiye aliyesomea haya mambo, chuo hiki hiki. Sasa yuko masomoni, mbali. Wanasema ng'ambo."

"Ng'ambo gani?"

"Hawakusema. Hata barua hajaleta. Lakini najua anakula vizuri, serikali haiwezi kumwacha na njaa." Akakohoa tena. "Angekuwepo angeniona, nateka maji nikiwa nimesimama wima kama mke wa mkuu wa wilaya."

Ndoo ikawekwa chini ya koki. Makunga alishika kopo. Angeita jina moja tu, mama angejua. Na Koplo Jongo angejua. Na barabara ilikuwa nyeupe, tupu, tayari kwa gari. Aliuma kidole mpaka kikatoa damu, akamimina.

Alimimina kidogo. Kisha mkono wake ukasimama. Hakuuamuru, ulisimama wenyewe, kama ulivyofundishwa: ngoja mwenyewe aisuuze.

Bomba likakauka.

Filimbi ikagonga vifungo, ikapanda mdomoni. "Limesimama!" alisema Koplo Jongo. "Mama, umelifanya nini?"

Makunga alisikia mama yake akiyazungusha maji ndani ya ndoo, taratibu sana, raundi baada ya raundi. Akayasikia yakimwagwa kwenye mchanga. Ndoo ikarudishwa chini ya koki, ikigonga ukuta mara nyingi.

"Sijalifanya kitu, baba," alisema. "Linavuta pumzi. Hata wewe si unavuta? Kaa, kaa ule mhogo huu, bado una moto."

Koplo Jongo alisita. Mhogo ulikuwa na chumvi na pilipili. Akakaa.

Mama akainama. Kwenye foleni waliona mama mzee, shingo imepinda, ameweka mdomo kwenye bomba kama mwenye kiu. Makunga alisikia pumzi yake ikiingia kupitia koki, kupitia mpira, ikatokea kwenye cheti na kumgusa usoni.

"Umekula?"

Alifungua kinywa. Filimbi ikagonga kifungo. Akakifunga.

Akachota kopo, akamimina, akachota tena, haraka, bila kupumzika. Ndoo ya mama ikajaa, ikafurika, maji yakamwagikia miguuni, foleni ikapiga kelele, "Mama, imejaa! Toa ndoo!" Mama hakuitoa. Alisimama palepale mdomo ukiwa kwenye bomba, maji yakimlowesha kanga, akiyameza kila yalipokuja.